Umepewa tagi kuukuu uihifadhi? Kabla hujashika brashi, jua kwanza ni chombo gani

Habari zenu nyote mnaoanza. Naona wengi mnaingia kwenye hii kazi ya kutunza tagi za zamani, zile meli ndogo zenye nguvu za kuvuta meli kubwa, mkiwa na moyo mkubwa na ndoo ya rangi mkononi, moyo huo tunauhitaji sana, ila rangi iwekeni chini kwanza. Mimi nilikaa chumba cha injini bandarini Mombasa miaka kadhaa kabla sijahamia Marekani, na sasa hivi wikendi zangu nyingi zinaishia ndani ya tagi ya chuma iliyostaafu. Kitu ambacho ningependa kuambiwa siku ya kwanza ni kwamba ushahidi wa chombo uko mwilini mwake, na mtu mmoja mwenye grinda anaweza kuufuta kwa nusu saa.

Manake tagi ikipata mwenyewe mpya mara nyingi inapata na jina jipya. Chukua Arthur Foss iliyoko Seattle. Ilijengwa Portland, Oregon mwaka 1889 ikaitwa Wallowa, ikawa inavuta meli za matanga kwenye lile lango baya la mto Columbia unapoingia baharini, kampuni ya Foss ikaja kuinunua 1929, mwaka 1934 ikafungwa injini ya dizeli ya silinda 6, nguvu farasi 700, na jina ndo likabadilika hapo, halafu Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja jeshi la majini nalo likaipa jina lake. Sasa mtu akitafuta Arthur Foss kwenye rejista ya 1900 hapati kitu. Au LT-5 ya kule Oswego, New York, ilienda vitani Normandy, Ufaransa, 1944 ikiitwa Major Elisha K. Henson, halafu ikafanya kazi miaka mingi kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ikiitwa John F. Nash. Sisi wa nyumbani hatushangai, meli yetu ya Liemba ya Kigoma ilizaliwa Graf von Goetzen.

Kwa hiyo usifuate jina, fuata namba. Tagi ya kiraia ya Marekani hupewa namba rasmi ya usajili, namba hiyo inakaa nayo maisha yote hata ikibadilishwa jina mara tano, na sheria ilitaka iwekwe kwenye boriti kuu isiweze kufutika kirahisi. Waingereza nao walikuwa na utaratibu wa aina hiyo. Ukishaipata nenda kwenye vile vitabu vya serikali vilivyokuwa vinachapishwa kila mwaka kuorodhesha meli za biashara, utaona jina la wakati huo, tani, mwaka na mahali ilipojengwa. Ila kama ilizaliwa jeshini, kama tagi Hoga ambayo huko jeshini ilikuwa YT-146, anza na namba ya jeshi na kumbukumbu za yadi iliyoijenga. Na tafadhali sana, kibati kilichopigwa kwenye injini kinakwambia habari za injini tu! Injini zilikuwa zinahamishwa kutoka chombo hiki kwenda kingine, nimeona watu wameandika mwaka wa injini kwenye bango la maonyesho wakidhani ni mwaka wa chombo.

Jina la zamani la tagi yetu tulilipata usiku. Mchana tulikuwa tumepita pale omo, yaani mbele ya chombo, mara mia hatuoni kitu, rangi nene tabaka juu ya tabaka, halafu mzee mmoja fundi welda akaniambia kijana zima taa zote, weka tochi ubavuni kabisa mwa pleti, mwanga upite kwa kulala. Nikaweka. Vikatoka vivuli vya herufi, moja moja, mabaki ya ule mshono wa weldi uliosagwa zamani wakati wanabadilisha jina, herufi ya kwanza, ya pili, mpaka jina lote likasomeka. Nilisimama pale na baridi yote ile nikawa siwezi kusema kitu. Upande wa pili wa omo hatukuambulia, kuna mwenzetu alishausafisha wiki ya nyuma kwa nia njema kabisa, haujapigwa hata picha moja. Hiyo bado inaniuma. Kwa hiyo picha kwanza, tena na rula ndani ya picha, na kila tabaka la rangi chukua kipande kidogo weka kwenye bahasha andika kimetoka wapi. Vaa barakoa ya maana, rangi za zamani zina madini ya risasi, na ule mfuniko mweupe wa mabomba ya mvuke unaweza kuwa asbesto, huo usiuguse kabisa, ita wenye leseni.

Ukishajua ni chombo gani ndo mnaamua mtakionyesha kikiwa katika umri gani, na hapa watu hugombana kweli. Hoga ilizima moto na kuokoa watu Pearl Harbor, Hawaii, iliposhambuliwa 1941, halafu ikazima moto Oakland zaidi ya miaka 40, maisha yote mawili ni yake. Maoni yangu, msing'oe kitu cha zamani kilichofanya kazi eti kwa sababu si cha siku ya kwanza. Arthur Foss bila ile dizeli ya 1934 ingebaki nini?

Pesa sasa. Daniel Adamson ya Uingereza, ya mwaka 1903, ilinunuliwa pauni 1 mwaka 2004, halafu kuirudisha kwenye mvuke ikahitaji ruzuku ya pauni milioni 3.8. Bei ya kununua isikudanganye, uliza kwanza itafungwa gati gani, chelezo cha kukipandishia nchi kavu kiko wapi, na nani atalipa chombo kikipandishwa.

Na ogopeni mvua kuliko bahari. Chombo cha mbao kinaozea juu, maji ya mvua yakipenya kwenye sitaha yanakaa kwenye mataruma, zile mbavu za chombo. Nyumbani tunapaka shahamu chini kuzuia wadudu wanaotoboa mbao, ni sawa, lakini kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi wadudu hao hawapo na mbao bado zinaoza. Chuma pimeni unene wa pleti kwa mashine ya mawimbi ya sauti, msibandike kiraka juu ya kiraka manake maji yananaswa katikati. Mkihamia ziwani vile vipande vya zinki vya kuzuia kutu havifanyi kazi vizuri, wekeni vya magnesiamu.

Halafu daftari la ngama, yale maji yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo. Pampu yetu ina kihesabu, kila asubuhi mtu anaandika imewaka mara ngapi, ilikuwa mara 3 au 4 kwa siku, Jumanne moja ikaandikwa 19. Tulishuka na tochi tukakuta valvu ya maji ya bahari chini ya jenereta imepata ufa mwembamba kama unywele, tukaifunga kwa mbao na raba kabla ya saa sita mchana.