Kuomba hakukuniondolea upweke, ila kulinipa pa kuupeleka

Bwana asifiwe, dada.

Umeuliza swali ambalo wengi wetu tunalimeza. Unaomba, unahudhuria ibada, unasoma Neno, lakini ukifunga mlango jioni upweke uko palepale. Na mtu amekuambia kwamba ungekuwa na imani ya kweli usingejisikia mpweke, maana Yesu anatosha. Nakujibu kama mjane. Mume wangu alifariki watoto wakiwa wameshaanza maisha yao mbali, na maneno hayohayo niliambiwa na watu wanaonipenda kabisa.

Nianze na hilo la "Yesu anatosha", kwa sababu ndilo linalochoma. Fungua Mwanzo sura ya 2. Adamu yumo bustanini, dhambi haijaingia duniani, na Mungu yuko naye. Ni hapo Mungu mwenyewe anaposema, "Si vema huyo mtu awe peke yake." Kwa hiyo hamu yako ya kupata mtu wa kuongea naye jioni si dalili ya imani haba, umeumbwa nayo. Nilipolitafakari andiko hilo nililia sana, maana nilikuwa nimebeba mizigo miwili: upweke wenyewe, na aibu ya kuwa mpweke ilhali nimeokoka. Aibu ilitangulia kuondoka.

Upweke ulibaki, tena kwa muda mrefu. Kwangu saa mbaya ilikuwa ile ya kati ya jua kuzama na kulala. Mchana una shughuli zake, lakini jioni nilikuwa nasikia hata saa ya ukutani ikigonga. Nikaanza kusoma Zaburi kwa sauti. Sikuwa na mpango wowote wa kiroho, nilitaka tu sauti ya mtu isikike ndani ya nyumba. Nilikuwa nimezoea kusoma kimya, macho yakipita juu ya maneno huku mawazo yako kwingine. Ukisoma kwa sauti huwezi kuruka. Ukifika Zaburi ya 102, "Nakesha, tena nimekuwa kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba," ni lazima uyatamke kwa kinywa chako, na ukishayatamka umeshaomba. Jioni nyingi sikuwa na maombi mengine zaidi ya hayo.

Zaburi ya 88 isome pia, usiiogope. Zaburi nyingi za maombolezo huanza na kilio, kisha katikati au mwishoni hugeuka kuwa shukrani. Hii haigeuki. Anayeomba anamlilia Mungu mchana na usiku, anasema rafiki zake wametengwa naye, na zaburi inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mstari wa kufariji, na kanisa limeisoma hivyohivyo karne zote. Mimi hilo lilinifariji kuliko aya nyingi za ushindi nilizotumiwa kwenye simu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kumaliza maombi yake bado anaumia, na yakabaki kuwa maombi halali. Bwana wetu mwenyewe pale msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?"

Na usidhani kutohisi uwepo wa Mungu ni shida ya wachanga wa kiroho. Mama Teresa wa Calcutta, mtawa Mkatoliki aliyewahudumia maskini, alifariki 1997. Barua zake zilipochapishwa 2007, watu walishangaa kukuta kwamba kwa miaka mingi ya huduma yake aliomba bila kuhisi chochote, giza tupu. Na aliendelea kuomba.

Sasa nikuonyeshe andiko ambalo kwangu ndilo jibu la swali lako. Ni sura ya mwisho ya Waraka wa Pili kwa Timotheo. Paulo yuko kifungoni, na anajua wakati wake wa kufariki umefika. Anasema Dema, mwenzake katika huduma, amemwacha, wengine wamesafiri, Luka peke yake ndiye aliye naye. Katika kujitetea kwake mara ya kwanza hakuna aliyesimama upande wake, wote walimwacha. Kisha anasema Bwana alisimama pamoja naye, akamtia nguvu. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini angalia mistari inayozunguka maneno hayo! Mtume huyohuyo aliyesimamiwa na Bwana anamsihi Timotheo, kijana wake katika huduma, ajitahidi kuja upesi, amchukue Marko aje naye, amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Halafu anarudia tena: jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Paulo hakuona mgongano wowote hapo. Bwana yu pamoja nami, na wewe Timotheo njoo, nakuhitaji. Atakayekuambia uchague kimoja kati ya hivyo viwili, mfungulie sura hiyo.

Mimi nilijifunza kusema "njoo". Kwa mtu aliyelelewa asisumbue watu, ni neno zito. Nilimpigia mshirika mmoja tuliyekuwa tukisalimiana tu mlangoni baada ya ibada, nikamwambia wazi, "Jumapili jioni inanishinda, naomba uje tukae." Alikuja. Hakuleta mafundisho yoyote. Tulikaa tukaongea mambo ya kawaida, na kabla ya kuondoka tukaomba kwa ufupi.

Jambo moja nisilipite. Kama upweke wako umefika mahali ambapo huli, hulali, au unatamani kufa, usingoje uombewe tu. Mwambie mtu leo, na umwone daktari. Nabii Eliya alikaa chini ya mretemu, kijiti cha jangwani, akasema yatosha, akaomba afe. Hakukemewa kwa kukosa imani. Malaika alimgusa, akamwambia "Inuka, ule," akakuta mkate na maji kichwani pake. Akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Kule mlima Horebu ndiko alikoambiwa kwamba wako watu 7,000 ambao hawajampigia goti Baali, mungu wa uongo, na aliposhuka alimpata Elisha, aliyekuja kumfuata na kumhudumia. Mwili wake ulihudumiwa kwanza.

Umeuliza pia kama uache kwenda kanisani, kwa kuwa unaingia na kutoka bila mtu kukusemesha. Usiache. Lakini kukaa kwenye benchi tu hakutakupa watu, hasa kanisa likiwa kubwa. Omba kazi, na kama unaweza omba kutembelea wagonjwa. Nilipewa mama mzee ambaye hakuweza tena kutoka kitandani, niwe nikimsomea Neno. Macho yalikuwa yamefifia lakini Zaburi alizijua kwa moyo, midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nami, na nikiruka mstari ananishika mkono nirudie. Yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza habari za mume wangu, akimtaja kwa jina. Wengine wote walikuwa wakilikwepa jina hilo wasiniumize. Nilikuwa naenda pale kumfariji, na pale ndipo nilipoweza kumzungumzia mume wangu bila mtu kubadilisha mada.

Kama kanisani kwako hakuna huduma hiyo, mwendee mchungaji au mzee wa kanisa, muulize ni nani ambaye hajaonekana ibadani kwa muda mrefu. Akupe jina moja tu la kuanzia, na umpigie mtu huyo wiki hii.