Kijito cha baba yenu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa miwani. Umeniuliza: "Mama, ni wapi mashambani ambako ardhi bado ni nafuu, mimi na mke wangu tukahamia na watoto, tukajenga, tukalima na kufuga?" Wiki nzima nimekaa kulijibu, na kila nikishika kalamu najikuta najibu swali jingine. Wewe unauliza wapi, na mimi ninachokijua ni lini. Basi pokea la lini, la wapi mtalitafuta wenyewe, miguu mnayo.

Nendeni kiangazi. Tena si mwanzo wake, wakati nyasi bado zinadanganya, bali mwishoni kabisa, vumbi limelala juu ya majani na mbwa hawana nguvu ya kubweka. Shamba halionyeshwi na dalali, linaonyeshwa na kiangazi. Najua nimekwishakuambia hili, na nitalisema tena kabla barua haijaisha.

Kisa cha kijito cha baba yenu unakijua. Kila mkikusanyika dada yako humwigiza, mikono kiunoni, kidevu juu, anatazama mtaro mkavu kana kwamba ni bahari. Marehemu mwenyewe alikuwa akicheka hadi machozi. Mimi hucheka pia, kisha naenda jikoni. Sasa wewe unataka kununua shamba, na kuna jambo sijawahi kulisema mkiwa mnacheka.

Baba yenu hakulitaka shamba lile. Niliyelitaka ni mimi.

Tulikwenda kuliona mvua zikiwa zimekolea, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Dalali alitutangulia akipangua majani kwa fimbo, na kabla hatujakiona kijito tulikisikia. Maji yalifika magotini, safi, unahesabu mawe chini yake. Ekari 3, kwa nusu ya bei tuliyoisikia kwingine kote. Baba yenu akanivuta kando akaniuliza, "Mbona rahisi hivi?" Nikamjibu, "Kwa sababu wengine hawajapaona." Nakumbuka nilivyojiona hodari kwa jibu lile. Akanyamaza, akalipa. Tulilipa mpaka pesa ya kuchimbia kisima, maana mwenye kijito kisima cha nini?

Miezi mitatu baada ya mvua kukatika kijito kilikuwa madimbwi. Mwezi wa nne kilikuwa matope yenye nyayo za mbuzi. Nilichimba kwa jembe katikati ya mtaro nikidhani maji yamejificha tu, nikapata mchanga wenye unyevunyevu, nikachimba tena kesho yake, nikapata mchanga.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa yule bibi wa ng'ambo, mwenye kisima. Nilibeba dumu moja tu, kwa aibu. Akanijazia, akanitazama, akasema, "Kile hukauka kila mwaka, binti yangu." Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa ya adabu, kwa nini hakutuambia. Akasema, "Mlipita mlangoni pangu mara tatu na dalali. Hata kunisalimia hamkusimama."

Mwanangu, nina umri huu na maneno yale bado yananiwasha. Kwa sababu ni kweli. Nilimwona. Alikuwa ameketi nje anachambua kitu kwenye ungo, nami nilikuwa na haraka ya kwenda kusikiliza maji.

Alituchotesha miezi mitatu bila kuomba chochote. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na sisi kwa kunywa, kupika na kuoga kwa kujibana tulitumia matano kwa siku. Matano hayo hayana mboga wala mfugo. Ng'ombe mmoja wa maziwa peke yake anaweza kunywa lita 60 kwa siku na zaidi jua likiwa kali, kwa hiyo ile ndoto yenu ya kufuga ihesabuni kwanza kwa madumu.

Babu yenu alitucheka kwa neno moja, rahisi ghali. Mimi neno hilo sikulipenda wakati ule na hata sasa silikubali lote. Wasio na pesa nyingi waanzie wapi kama si penye rahisi? Kuna ardhi ni rahisi kwa sababu iko mbali tu, na umbali mnaweza kuupanga. Kuna nyingine ni rahisi kwa sababu ina ugonjwa: haina maji, au mafuriko huipitia, au ndugu wa muuzaji hawajakubaliana, au haina njia ya kuingilia ila kwa hisani ya jirani. Hii ya pili iacheni, ya kwanza chukueni.

Haya, nimeandika hivyo halafu nimekumbuka homa ya dada yako, usiku, mwendo wa saa mbili kwa miguu hadi zahanati, baba yenu mbele na tochi. Umbali nao una siku zake. Kwa hiyo sijui. Tembeeni njia hiyo usiku mmoja mkiwa na mtoto mgongoni, ndipo mseme kama ni mbali au si mbali.

Kiangazi kile baba yenu alijiponya kwa kusoma. Alikuwa akinisomea kwa taa ya chemli habari za Marekani, jinsi sheria ya mwaka 1862 ilivyogawa ekari 160 kwa ada ndogo kwa kila aliyekubali kukaa na kulima miaka 5. Karibu bure. Penye mvua zilitosha. Waliosogea magharibi kwenye ukavu, wengi waliziacha, na mwaka 1878 mpimaji mmoja, John Wesley Powell, akaiambia serikali kwamba huko shamba la mifugo linahitaji ekari 2,560. Baba yenu akafunga kitabu, akasema, "Unaona, hata ya bure ilikuwa ghali." Hakunitazama aliposema. Mpaka leo najiuliza kama alinisema au alinifariji.

Lakini usidhani yalikuwa machungu matupu. Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja usiku, na wewe ndiye uliyeamka ukapiga kelele. Tulitoka wote na kila chenye tumbo: sufuria, beseni, ndoo, hata poti ya mtoto, naomba mke wako asisikie. Baba yenu alisimama chini ya paa, analowa, anapiga hesabu kwa sauti: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, paa letu mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48, ikinyesha milimita 20 ni lita 960! Na sisi tulikuwa na pipa moja la lita 200. Tulisimama tunatazama mengine yote yakikimbilia kwenye kijito. Nilicheka mimi, alicheka yeye, wewe ukacheka kwa kutuona tunacheka. Mwaka uliofuata tuliweka mifereji na tangi kabla ya kununua kitanda.

Kwa hiyo msilipe pesa yote kwenye ardhi. Theluthi moja ibaki mfukoni, na kama haibaki, shamba hilo si nafuu kwenu hata likiwa rahisi.

Udongo, mnaujaribu kwa chupa. Chukua udongo wa kina cha koleo, jaza chupa ya kioo hadi theluthi, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa mpaka mkono uchoke, weka dirishani usiiguse. Mchanga hutulia ndani ya dakika moja au mbili, tope laini kwa saa chache, mfinyanzi unaweza kukesha juu na kesho bado maji ni ya rangi ya chai. Kisha unapima tabaka kwa rula. Chupa yetu ulikuwa ukiiita "keki". Mambo ya hati, mipaka na ofisi ya ardhi unayajua kunishinda. Ninachoomba tu ni kwamba njia ya kuingilia iandikwe, isiwe ya mdomo, maana mdomo hurithiwa na watoto wenye tabia nyingine.

Sasa najua unasubiri niseme kama mhame au msihame. Sisemi. Nilikwishasema mara moja maishani, nikiwa nimesimama kwenye maji hadi magotini, na mnajua yaliyotokea. Ingawa, kama ningelazimishwa, watoto wako wamefikia umri mzuri, na mke wako ana mkono wa udongo kuliko wewe, na... Sisemi.

Ila nimeitazama ile picha uliyoambatanisha, lile shamba la ekari 4 mnalolifikiria. Nimeitazama sana. Majani mabichi, na pale chini kushoto panang'aa, naona ni maji. Niambie picha hiyo ilipigwa mwezi gani. Na yule mtu aliyesimama nyuma ya uzio, mwenye baiskeli, mlimsalimia?

Ni mimi, mama yako.