Ulizia Fundi: Hita inakula luku, na jua la Julai linapotea bure

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Uyole, na nyumbani tuko sita. Miaka miwili iliyopita tulifunga hita ya tanki ya lita 80 juu ya dari la bafu, maana baridi ya huku unaijua mwenyewe. Kabla ya hapo luku ya elfu ishirini na tano ilikuwa inamaliza mwezi. Sasa elfu themanini haitoshi, na Julai iliyopita tulinunua mara tano. Mwanangu yuko Melbourne, kila akipiga simu ananihimiza ninunue mtambo unaovuta joto kutoka kwenye hewa, anauita pampu ya joto. Jirani anasema sola ya maji Mbeya ni kutupa hela kwa sababu ya baridi. Baba watoto amechoka na maneno yetu, anataka turudi kwenye mkaa. Nimsikilize nani?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na jirani yako, maana ndiye anayekupoteza kuliko wote. Baridi ni kitu kimoja na kukosa jua ni kitu kingine. Kumbuka Julai ya hapo kwenu: alfajiri watoto wanatoka na sweta mbili, pumzi zinafuka moshi, lakini ikifika saa nne anga ni la buluu, halina wingu hata la dawa. Blanketi ulilofua asubuhi, jioni unalitandika. Hilo ndilo jua la kuchemshia maji, na linakuja miezi ile ile unayoyahitaji zaidi. Sisi wa Mbeya mjini tuna bahati hiyo na hatuioni. Shida yetu ni msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, wingu likikaa siku tatu mfululizo. Hapo ndipo umeme unasaidia, siku chache chache.

Baridi ya hewa ingekuwa tatizo kubwa kama mtambo ungekuwa sahani iliyo wazi. Siku hizi nyingi ni za mirija ya vioo. Kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na hewa ya katikati imenyonywa yote. Ni chupa ya chai ile ile uliyonayo mezani, ila hii imelazwa juani na kupakwa rangi inayokunywa mwanga. Ukiigusa kwa nje saa saba mchana ni ya baridi, na ndani maji yanaunguza. Wateja wangu wengine huwa hawaamini mpaka niwafungulie bomba.

Sasa luku yako. Chukua kalamu, mwalimu hashindwi hesabu. Kuna watu sita, kila mmoja ndoo ya lita 20 kwa siku, jumla lita 120. Maji ya bomba ya Julai tuseme ni nyuzi 15, na ya kuogea ni nyuzi 40. Kuyapandisha nyuzi hizo 25 kunataka yuniti tatu na nusu. Hakuna hita ya umeme, iwe ya Ulaya au ya China, itakayofanya kazi hiyo kwa pungufu ya hapo. Juu yake weka joto linalovuja. Tanki lako liko darini, hewa ya usiku inapita chini ya bati, na nina hakika swichi inakaa imewashwa kutwa kucha. Tanki la namna hiyo hupoteza yuniti moja na nusu hivi kila siku bila mtu kuoga. Jumla yuniti tano kwa siku, 150 kwa mwezi. Kwa bei ambayo elfu kumi inaleta yuniti 28 hivi, hiyo ni shilingi 53,000 na ushee. Ongeza kwenye ile elfu ishirini na tano yako ya zamani, uone kama hatukutani pale pale kwenye themanini.

Wasomaji wa kundi la matumizi madogo, ninyi mnaopata yuniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi mpaka yuniti 75, hesabu hii iwatie woga zaidi. Ukizipita hizo 75, zinazofuata ni 350 kila moja. Hita moja ya tanki inatosha kukutoa kwenye kundi hilo.

Usiniamini kwa maneno. Usiku, watu wote wakishaoga na hita imeshatulia, soma mita ya luku, andika namba. Zima kila kitu, friji pia, iache hita peke yake mpaka alfajiri, kisha soma tena kabla mtu hajafungua bomba. Namba iliyopungua ndiyo joto mnalomlipia popo wa darini. Fanya siku mbili. Kuanzia siku ya tatu iwashe saa kumi na moja jioni, izime watu wakianza kuoga, na umwambie fundi aivike tanki godoro la sufi ya kioo na foili juu yake. Hilo peke yake litakurudishia karibu yuniti moja kila siku, kabla hujanunua chochote.

Nije kwa kijana wa Melbourne. Hajadanganya. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Unajua kwa nini paka hulala nyuma ya friji: joto lililotolewa kwenye nyama linatokea pale. Mtambo huo unalitoa joto kwenye hewa ya nje na kuliingiza kwenye maji, na kwa yuniti moja ya umeme unaweza kukuletea joto la yuniti tatu. Zile tatu na nusu zako zingekuwa moja na robo hivi. Ni mtambo mzuri. Lakini hewa ikipoa, faida nayo inashuka, kwa hiyo alfajiri ya Julai, pale mnapougombania, ndipo unapofanya kazi kwa shida. Una kompresa, una gesi, una kadi ya umeme. Kikiharibika kimoja Uyole, fundi wa friji atakuja, atazunguka mara mbili, atakuambia “mama, kifaa kiagizwe”. Na umeme ukikatika, nao umekatika. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi ningeshauri tukae tupige hesabu. Kwa nyumba yako, jua liko juu ya bati na halina vipuri.

Baba watoto nitamjibu kwa heshima: mkaa haukai kwenye hesabu ya mita, ndiyo maana unaonekana rahisi. Akiandika kila debe kwenye daftari kwa mwezi mmoja tutazungumza vizuri. Ninachomwomba sana ni kwamba jiko la mkaa lisiingizwe kamwe bafuni wala chumbani kupasha joto, hata dakika kumi. Moshi wake wa sumu hauna harufu wala rangi, na mtu analala moja kwa moja.

Kwa hiyo, Mwalimu, kwako ni sola ya mirija, tanki la lita 200, na ile hita ya umeme ibaki kama akiba ya msimu wa mvua. Sasa sikiliza namna ya kufunga, maana hapa ndipo mafundi wengi, na mimi nikiwemo, tumeharibu.

Ielekee kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta, na jua la Juni saa sita mchana limeegemea kaskazini kabisa. Kwa aliye mjini, kaskazini ni upande wa mlima Loleza. Wewe wa Uyole tumia dira ya simu. Nimeona mitambo imeelekezwa barabarani ili wapita njia waione, ikaoga kivuli miezi yote ya baridi. Ulalo wa nyuzi 20 hivi unatosha: kila mita moja ya kwenda mbele, inyanyuke sentimita 35. Bati lako likiwa limelala zaidi ya hapo, fremu inainuliwa kwa miguu ya nyuma.

Halafu uzito. Lita 200 ni kilo 200 za maji peke yake, bado chuma na vioo. Kenchi za mbao za mbili kwa nne zilizopigwa kwa haraka hazilibebi tanki hilo katikati ya chumba. Likae juu ya ukuta, au ujengewe mnara mdogo wa matofali pembeni, na uwe karibu na bafu. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 14 linabeba lita mbili na zaidi za maji yaliyopoa, na kila anayeoga anaanza kwa kuzimwaga. Livike sponji nyeusi ile ya mafundi viyoyozi, na sehemu ya nje ifungwe foili, jua lisiitafune.

Simtanki la maji baridi nalo liwe juu kuliko tanki la sola, na lisikaukiwe. Hapa nikusimulie aibu yangu. Mtambo wa kwanza kabisa niliufunga nyumbani kwangu. Maji ya bomba yakakatika siku mbili, simtanki likaisha, mirija ikabaki mitupu juani. Siku ya tatu, saa saba mchana, nasikia maji yamerudi, yanakoroma kwenye bomba. Nikafurahi kama mtoto, nikafungua valvu. Nikasikia pa! Kisha pa! pa! Mirija mitatu ilipasuka mbele ya macho yangu, vioo vikamiminika kwenye bati kama mvua ya mawe, na mke wangu akatoka jikoni akidhani ni wezi. Mrija mtupu juani unapanda joto kupita lile la maji yanayochemka (yanayochemka, kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, kwenye nyuzi 94, si 100), na maji baridi yakiugusa hausubiri. Tangu siku hiyo, ikitokea mitambo imekauka, najaza alfajiri kabla jua halijatoka, au usiku. Mweleze kila mtu wa nyumbani, na dada wa kazi kuliko wote, maana ndiye anayebaki mchana.

La mwisho kwako: mtambo ukija na kisanduku cha kuwasha umeme chenyewe maji yakipoa, kizime. Kitawasha saa nane usiku wakati nyote mmelala, kisha jua la asubuhi likute maji tayari ya moto, halina pa kufanya kazi. Siku ya wingu washeni kwa mkono saa kumi jioni. Na wanaoweza waoge jioni. Maji ya sola yako kileleni alasiri.

SWALI: Fundi, ugonile. Niko Tukuyu, huku ukungu na mvua ni kila siku, jua tunaliona kwa kuhadithiwa. Nimefunga shawa ya umeme, ile ya kuchemsha papo hapo, imeandikwa wati 5,500. Fundi aliivuta kutoka soketi ya jikoni kwa waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba). Dakika tano tu breka inaanguka, na waya ukiushika ni wa moto. Nibadilishe breka?
Baba wa Tukuyu

JIBU: Ugonile sana. Usibadilishe breka! Hiyo breka ndiyo mtu pekee mwenye akili katika kazi hiyo. Wati 5,500 kwa volti 230 ni ampea 24 kwa mfululizo, na waya wa 2.5 wa soketi, ulioshikana na jiko na friji, si wa kubeba mzigo huo. Ukiweka breka kubwa, utakachochemsha ni dari.

Kwako shawa hiyo ni chaguo zuri, usiiache. Mvua ya Tukuyu inapita milimita 2,000 kwa mwaka, sola ingekulaza njaa. Na shawa haivujishi joto usiku kama tanki. Dakika kumi za kuoga hazifiki yuniti moja. Ila ivutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, wa 6, na breka yake ya ampea 32, ile inayokata pia umeme ukivujia kwenye maji. Waya wa ardhi ufike mpaka kwenye rodi, ule mchuma unaochomekwa ardhini. Mwambie fundi akuonyeshe rodi yenyewe ilipochomekwa, asikuonyeshe waya wa kijani uliokatwa na kufichwa nyuma ya kichwa cha shawa. Nimeukuta hivyo mara mbili mwaka huu.

Mpaka kazi hiyo iishe, ogeni kwa ndoo.