Barua kwa Binti Yangu: Mlango wa Mhadhiri

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako kutoka Chuo Kikuu cha Egerton, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: utaingiaje katika ofisi ya mhadhiri wa takwimu, katika saa alizowatengea wanafunzi, ilhali hujui hata cha kumuuliza?

Nenda na daftari lako, mama. Mwanafunzi anayesema tu kwamba haelewi takwimu humtwika mhadhiri mzigo asiojua aushike wapi, lakini yule anayefungua ukurasa aliojaribu hesabu mwenyewe, akaonyesha mstari alipokwama, amekwisha kuuliza kabla ya kutamka neno. Usinakili kazi upya ili ipendeze, kwa maana makosa yako ndiyo anayohitaji kuyaona.

Nilipokuwa mwaka wa pili, niliuogopa mlango wa mhadhiri wetu wa kemia muhula mzima, nikidhani kwamba kubisha ni kujitangaza mjinga. Nilibisha baada ya kuanguka mtihani. Alilipitia daftari langu kwa dakika chache, kisha akaniuliza kwa nini nilikuwa nikilinganisha vitendanishi, yaani kemikali zinazotendana, kwa gramu badala ya moli, kipimo cha idadi ya chembe. Katika ukumbi uliojaa wanafunzi vile, hakuna ambaye angeliona kosa hilo, nalo lilikuwa likijirudia katika karibu kila hesabu yangu. Naumia hata leo nikikumbuka kwamba mlango ule ulikuwa wazi kila Jumanne.

Kwa hiyo usingoje juma la mwisho, wakati foleni inafika ngazini na mhadhiri mwenyewe amechoka. Majaribio ya muhula kwa kawaida hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. Basi nenda mara tu unaporudishiwa karatasi ya jaribio la kwanza, zile 70 zikiwa bado mbele yako. Saa zake utazikuta katika muhtasari wa kozi au zimebandikwa mlangoni, na kama ni mhadhiri wa muda asiye na ofisi, mfuate mhadhara unapokwisha umwombe akupangie siku. Msalimu kwa cheo chake, utaje jina, kozi na mwaka wako, kisha uende moja kwa moja kwenye hesabu. Akimaliza kukueleza, mwombe ufanye nyingine mbele yake kabla hujaondoka, kwa sababu ni rahisi mno kuitikia kwa kichwa na kugundua bwenini kwamba hukuelewa.

Kuna jambo ambalo mzazi hawezi kulinyamazia. Shughuli hii ni ya mchana na ya ofisini. Mhadhiri yeyote akikuita usiku, au nje ya chuo, au akigusia alama kwa namna inayokutia wasiwasi, usiende, na unipigie simu saa hiyo hiyo; sitakulaumu kwa lolote.

Utakapofika mwaka wa nne utahitaji msimamizi wa mradi, na baadaye mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, na hataweza kuiandika vizuri mtu asiyekufahamu.

Umesema anapatikana Jumatano saa nane. Nitakupigia jioni hiyo, unieleze ni mstari upi aliouwekea kidole.

Akupendaye,
Baba yako