Kontena halijasogea, mbona hifadhidata inaandika?

SWALI: Asalaam aleikum. Niko na kampuni ya kutoa mizigo hapa Mombasa. Programu yetu, ya Django (zana ya Python) na hifadhidata ya PostgreSQL, inafuatilia makontena kama 4,000 ya Kilindini. Kila dakika 5 inayasoma yote, inaweka hali mpya na kuita save(), amri ya kuhifadhi. Mara nyingi hakuna kilichobadilika, ila diski inajaa, na wateja wanapata SMS ileile tena na tena. Juzi karani aliingiza namba ya lori, ikapotea. Tatizo liko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nianze na namba ya lori, maana diski hununuliwa nyingine.

Django haikumbuki mstari (rekodi ya kontena moja) ulikuwaje uliposomwa. Ukiita save() bila maelezo zaidi, huandika safu zote kama obijekti ilivyozibeba. Programu yako ilisoma kontena likiwa halina lori. Karani akaandika namba. Kisha save() ikaja na nafasi yake tupu, ikaifuta. Kwa kuwa unasoma makontena yote kwanza ndipo uanze kuyapitia moja moja, la mwisho hubeba habari iliyochakaa kuliko yote. Kwenye logi hakuna kosa lolote, na karani wa watu anaonekana hakufanya kazi. Tafadhali mwambieni hakukosea.

Sasa diski. Mizunguko ya dakika 5 ni 288 kwa siku; mara 4,000, unaandika mara 1,152,000. PostgreSQL hailinganishi thamani mpya na ya zamani: kila UPDATE (amri ya kubadilisha) huzaa nakala mpya ya mstari, hata usipobadilika herufi moja, na ile ya zamani hubaki mfu hadi VACUUM, kazi ya usafi ya PostgreSQL, ipite. Nina hakika pia mna safu ya muda yenye auto_now, yaani inayojijaza saa ya sasa. Hiyo husogea kila save() inapoitwa, na kama mmeiwekea indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ili kupanga orodha, indeksi zote za jedwali hulazimika kupata ingizo jipya.

Dawa ni kulinganisha kwanza, halafu kutaja safu zilizobadilika tu:

badiliko = []
if kontena.hali != hali_mpya:
    kontena.hali = hali_mpya
    badiliko += ["hali", "ilibadilishwa"]
kontena.save(update_fields=badiliko)

Orodha ikiwa tupu, Django haigusi hifadhidata wala haitumi post_save, ishara ya kwamba imehifadhi, kwa hiyo kama SMS zenu zimefungwa hapo zitanyamaza. Orodha ikiwa na kitu, safu ya lori haiguswi. Safu ya muda itaje mwenyewe kama nilivyofanya, la sivyo auto_now haitaandikwa.

Angalieni sana ulinganisho wenyewe. Data ikija kama maandishi, "20.50" haitalingana kamwe na Decimal (aina ya namba) iliyo kwenye modeli, hata kama uzito ni uleule, na mtarudi palepale mkidhani mmetengeneza. Nafasi tupu mwishoni mwa neno hufanya vivyo hivyo. Geuza aina na safisha maandishi kabla ya kulinganisha.

Kuna watakaokushauri utumie bulk_update, inayoandika mistari mingi kwa mpigo. Inapunguza safari za kwenda kwenye hifadhidata, ndiyo, lakini mistari isiyobadilika itaandikwa vilevile usipoichuja, na haitumi ishara za save() hata kwa kontena lililobadilika kweli. Mteja huyo atakosa SMS yake.

Wenzetu wa Java wana nafuu kidogo: Hibernate, zana yao ya hifadhidata, hutunza picha ya mstari uliposomwa na kuacha usiobadilika. Ukibadilika, huandika safu zote mpaka uweke @DynamicUpdate.

Kabla ya kugusa chochote, soma n_tup_upd (mistari iliyoandikwa upya) na n_dead_tup (mistari mfu) za jedwali hilo kwenye pg_stat_user_tables, takwimu za PostgreSQL, usome tena baada ya saa moja. Kwa hesabu yako n_tup_upd itapanda kama 48,000. Ukishatengeneza, pima saa nyingine kama hiyo. Ikibaki juu, kuna ulinganisho bado unadanganya, na mimi ningeanza kuutafuta kwenye safu za uzito na tarehe.