Usihesabu pesa za wakili, hesabu siku

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili, nikaweka simu chini nikakaa kimya. Umeniuliza: "Mama, nimefukuzwa kazi ya ghala kwa meseji, wanasema nimeiba katoni za mafuta. Wakili niliyemwendea anataka hela ambayo sina. Naweza kwenda kudai mwenyewe, au nitaaibika mbele ya watu wao?" Nimeona nikujibu kwa barua. Kwenye simu wewe hukatiza, baba, na haya nataka uyasome ukiwa umetulia, kisha uyarudie.

Unaweza. Pale Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo mnayoiita CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi, wanaingia madereva, walinzi, wahudumu wa baa, na wengi wao hawana wakili. Kufungua mgogoro hakuna ada. Lugha ni Kiswahili. Unaruhusiwa kujisimamia mwenyewe, au kusimamiwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au wakili, au mtu mwingine uliyemchagua. Kwa hiyo kukosa wakili hakunitishi. Kinachonitisha ni kalenda, na nitakuambia kwa nini.

Sijawahi kukusimulia vizuri kilichonitoa kwenye ile hoteli mwaka 2014. Nilikuambia mkataba umeisha. Haukuisha. Nilikuwa nimepika pale miaka tisa. Siku moja wakasema kilo za nyama hazionekani kwenye friza, na meneja akaniita mlangoni, wala si ofisini, akaniambia kazi yangu imefikia mwisho. Nilipomuuliza sababu akaniambia, "Nenda kapumzike, mambo yakitulia nitakupigia." Nilimwamini. Kila Jumatatu nilimpigia mimi, naye akaniambia wiki ijayo. Nilipokuja kushtuka nikaenda Tume, ilikuwa siku ya 41.

Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa ndani ya siku 30. Ukichelewa unajaza fomu nyingine ya kuomba kuongezewa muda, na hapo unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ulikuwa wapi na ulikwamishwa na nini. Mimi nilikuwa na siku 11 za kueleza. Nilisema meneja aliniahidi. Ahadi yenyewe ilikuwa ya mdomo, naye akaikana. Ombi langu likatupwa. Kilichonusurika ni dai la likizo na mshahara wa mwezi wa mwisho, kwa kuwa madai ya namna hiyo hupewa siku 60. Wakati ule sheria ilitaja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo halali. Kama nyama ile niliila au sikuila, hakuna aliyefika kwenye swali hilo. Nilishindwa kabla ya kusikilizwa, na ndiyo maana ulimaliza kidato cha nne ukidaiwa ada.

Wewe umefukuzwa tarehe 3. Leo ni tarehe 11. Bosi akikupigia kesho akasema subiri, msikilize kwa heshima, lakini hesabu yako iendelee. Na akikuita usaini karatasi kwamba umelipwa stahiki zako zote, au akikushauri uandike barua ya kuacha kazi ili "usichafue jina", usisaini, hata akiweka pesa mezani.

Fomu unayoitafuta ni CMA F1. Usije kuifungulia huku Moshi kwa kuwa mimi nipo huku. Mgogoro umetokea Dar es Salaam, ofisi ni ya huko. Ina sehemu A, na sehemu B ambayo ni ya walioachishwa kazi tu. Watu wengi huijaza wakiwa wamesimama, kwa haraka, wanaandika "nadai haki zangu" basi. Hapo ndipo kesi zinapokufa. Usichokidai kwenye fomu ile, usitarajie kukipata mwishoni. Kaa chini, chukua karatasi pembeni, upige hesabu kwanza.

Umefanya kazi pale miaka minne kamili kwa mshahara wa mwezi. Notisi yako ni siku 28. Hawakukupa, kwa hiyo unadai malipo yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, yaani siku 28 nyingine. Watakuambia huna haki nacho kwa sababu ulikosa nidhamu, lakini kosa lenyewe hawajalithibitisha. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na mwaka jana uliniambia hukwenda wala hukulipwa. Siku ulizofanya kazi mwezi huu zimo. Cheti cha utumishi nacho kidai, utakihitaji unapoomba kazi pengine. Kisha fidia ya kuachishwa isivyo halali, au kurudishwa kazini. Hilo amua wewe, ila ukiandika kurudishwa uwe kweli unaweza kuingia lile ghala tena asubuhi. Sheria imefanyiwa marekebisho tangu wakati wangu, kwa hiyo kiwango cha fidia cha sasa kiulize pale pale kabla ya kujaza.

Kwenye sababu na utaratibu, jaza vyote viwili. Sababu: unakana kuiba katoni za mafuta. Utaratibu: hukupewa mashtaka kwa maandishi, hukuitwa kwenye kikao cha nidhamu, hukupewa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua saa 48, wala nafasi ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama. Ulipewa meseji ya mistari mitatu. Ile meseji usiifute, na simu usiiuze hata njaa ikikubana. Ichapishe, lakini simu yenyewe uende nayo.

Nakala ya fomu mpelekee mwajiri kwanza, asaini kwamba ameipokea. Akikataa, itume kwa posta ya rejista na utunze risiti. Ndipo uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo, ukatoke na nakala yako yenye muhuri.

Mtaanza kwa usuluhishi. Hapo hakuna kiapo wala ushahidi. Msuluhishi anawasikiliza, pengine mmoja mmoja, kuona kama mtaelewana. Mnachosema humo ni siri, hakiwezi kutumiwa dhidi yako baadaye. Mimi nilifika pale na hasira za miezi miwili nikamwaga zote, na yule afisa utumishi wa hoteli akakaa ananitazama tu. Wewe nenda na tarakimu moja ya chini ambayo huvuki, umeiandika nyumbani. Mkikubaliana, hakikisha makubaliano yanataja kiasi, tarehe na namna ya kulipa, kwa sababu ukishasaini yanakufunga na wewe pia. Maneno kama "tutamalizia taratibu" usiyakubali. Na usikose tarehe hata moja. Mlalamikaji asipotokea, mgogoro unaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea, unaweza kuamuliwa bila yeye.

Mkishindwana, mnaenda kwa mwamuzi, ambaye ndiye anayesikiliza ushahidi na kuamua. Najua hapa ndipo hofu yako ilipo, kwamba wao watakuja na wakili mwenye tai na wewe utababaika. Sikia, baba. Kwenye kuachishwa kazi, mzigo wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na sababu halali na utaratibu wa haki ni wa mwajiri. Hutakiwi wewe kuthibitisha kwamba hukuiba. Wao ndio wanaoanza kuleta mashahidi, na wewe unakaa na daftari unaandika kila wanachosema. Ikifika zamu yako ya maswali ya dodoso, yaani kumhoji shahidi wao, usihutubie. Wewe una tabia ya kueleza badala ya kuuliza, tangu utotoni ukibishana na dada yako. Uliza swali fupi, nyamaza, mwache ajibu. Nani alihesabu mzigo siku hiyo? Karatasi ya hesabu iko wapi, na imesainiwa na nani? Funguo za stoo zilikuwa na watu wangapi? Hesabu ya kabla ya hiyo ilifanyika lini? Mlinzi wa getini aliandika nini kwenye kitabu chake? Akijibu "sijui", usimkejeli. Andika, nenda swali linalofuata. Mwisho, kwenye maelezo yako, utamkumbusha mwamuzi ni mara ngapi shahidi alisema hajui.

Karatasi zako zipange kwa tarehe: barua ya ajira, slipu za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF, ile meseji. Kama watadai mkataba wa maandishi haupo, usishtuke. Kukupa masharti ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na asipoyaleta, yeye ndiye anayebeba mzigo kuhusu sharti mnalobishania. Yule mwenzako aliyekuwa zamu na wewe, mwombe ushahidi mapema, lakini usimlazimishe. Bado anakula pale.

Sitakudanganya kwamba wakili hana kazi. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ikitoka, upande usioridhika una wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba mapitio, na kule kuna viapo vya maandishi na hoja za kisheria ambazo mimi na wewe hatuziwezi. Ikifika huko, nitauza mbuzi, au tutaomba msaada wa kisheria. Kuna sheria ya mwaka 2017 inayouratibu, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo huko huko Dar. Hata sasa hivi unaweza kumpelekea msaidizi wa kisheria fomu yako aipitie kabla hujaiwasilisha. Ila yule kijana anayekaa nje ya ofisi akikuambia "nipe asilimia thelathini nikusimamie," mpite.

Ulipoanza kazi uliniachia nakala ya mkataba wako nikutunzie, ukasema nyumba ya kupanga huibiwa. Ulikuwa chini ya kanga sandukuni, umekunjika kidogo lakini sahihi na muhuri vinasomeka. Nimeutia kwenye bahasha pamoja na barua hii, nimempa kondakta wa basi la alfajiri. Kaupokee stendi ya Magufuli jioni. Fomu ikishagongwa muhuri, nipigie picha unitumie, nataka kuiona tarehe kwa macho yangu.

Mama yako