Nunua Bega, Mengine Mwachie Fundi

Swali la wiki hii limetoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam. Shule ya mwanawe wa kidato cha nne imeandaa chakula cha usiku na dansi baada ya mahafali, na kadi imesema "mavazi rasmi" ikaishia hapo. Kijana ana miaka 17, hana suti, na fungu la nguo ni dogo. Avae nini?

Dada, tafuta koti linalokaa vizuri mabegani, hata likiwa la mtumba, halafu pesa iliyobaki mpelekee fundi cherehani. Vijana wengi hufanya kinyume chake. Pesa yote inaishia kwenye suti mpya inayometameta, hata ya kupandisha pindo haibaki, na usiku wa sherehe mikono ya koti imefunika vidole gumba na suruali imejikunja juu ya viatu kama kodiani. Suti ya bei ndogo iliyopita kwa fundi inaiacha mbali hiyo. Tenga robo ya fungu lako kwa ajili ya fundi kabla hujatia mguu dukani.

Kwa nini bega? Kwa sababu ndilo linalobeba koti zima. Pedi, yaani kile kimto kinachonyanyua bega, imo humo, mkono umeshonewa hapo, kola inaanzia hapo, na bitana imefungwa humo humo. Kupunguza bega ni kufumua nusu ya koti, na fundi anayeiweza kazi hiyo atakutajia bei inayokaribia ya koti lenyewe. Kubana kiuno, kufupisha mikono na kupandisha pindo la suruali ni kazi za kila siku, hizo usiziogope.

Kulipima ni rahisi. Kijana avae koti juu ya shati, asimame ubavu wake ukitazama ukuta, kisha ausogelee taratibu bila kujiinamisha. Mkono wake ukigusa ukuta kwanza, au ukagusa pamoja na pedi, koti ni lake. Pedi ikitangulia, na chini yake kitambaa kimebonyea, koti ni kubwa. Na kama mshono wa bega haufiki kwenye mfupa, huku nyama ya mkono ikitunisha kitambaa kwa pembeni, koti ni dogo. Likiwa kubwa au dogo, lirudi kwenye hanga, hata kama rangi imempendeza kiasi gani.

Halafu aning'inize mikono, aitazame ncha ya koti: inatakiwa ifunike makalio. Fundi anaweza kuipandisha sentimita 2 hivi. Akizidisha, mifuko itaonekana imeshuka mno. Mikono ya koti iishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, ili sentimita moja au moja na nusu ya shati ichungulie. Hapa kuna mtego. Vifungo vile vitatu au vinne vya mkononi mara nyingi ni pambo tu, matundu yake hayajakatwa, na fundi huvihamisha bila shida. Lakini ukikuta matundu ya kweli, mkono haufupishwi kwa chini. Itabidi ung'olewe begani, na hapo gharama zinapanda.

Kwa kuwa ni usiku wa kucheza, akiwa bado dukani afunge kifungo na anyanyue mikono yote miwili kama anayemshangilia mfungaji wa goli. Koti likipanda zima mpaka kola ikamfikia masikioni, tundu la mkono limekatwa chini mno. Watu hudhani tundu pana ndilo linalompa mtu nafasi, kumbe ndilo linaloburuta kiwiliwili cha koti kila mkono unapoinuka. Tundu lililo karibu na kwapa huuacha mkono ucheze peke yake. Tatizo hilo halina dawa kwa fundi.

Kuhusu namba, usichanganyikiwe na lebo. Koti la Uingereza au Marekani huandikwa mzunguko wa kifua kwa inchi: 36, 38, 40. La Ulaya bara huandikwa nusu ya mzunguko huo kwa sentimita: 46, 48, 50. Tofauti yake ni 10, kwa hiyo 36 na 46 ni koti lile lile. Kwa kawaida suti zinazouzwa koti na suruali pamoja huwekewa kiuno kilichopungua inchi 6 kwenye kifua, yaani koti la 36 na suruali ya 30. Kijana mwembamba wa kiuno cha 28 bado anaokoka, maana fundi hupunguza inchi 2 kwa nyuma. Akiwa na 26 au 27, mifuko miwili ya nyuma itasogeleana mpaka itazamane kama macho ya bundi. Huyo anunue koti na suruali mbalimbali.

Akinunua mbalimbali, asijaribu kufananisha nyeusi na nyeusi. Ndani ya duka zitaonekana pacha. Nje kwenye jua moja itakuwa na ukijani na nyingine wekundu, na kwenye picha ya mwanga mkali ndiyo kabisa. Achukue koti la bluu iliyokolea na suruali ya kijivu, tofauti ionekane ni ya makusudi. Rasmi ni rasmi, na koti hilo atalivaa hata kwenye usaili.

Kwa fungu dogo, ningeanzia mtumba. Nenda Karume, Ilala, au soko lolote la mitumba lililo karibu nawe, ila nenda mchana. Linyanyue koti kwenye jua ulitazame kwa kinyume: nondo huacha matundu madogo kama ya sindano, nayo yatapitisha mwanga. Geuza kwapa ndani nje, bitana iliyobadilika rangi kwa jasho hairudi. Tazama makalio ya suruali, kitambaa kilichosuguliwa hung'aa kama kimepakwa mafuta, na hakuna pasi ya kuondoa mng'ao huo. Hesabu vifungo. Kilichopotea mbele ni shida kumpata mwenzake, hivyo itabidi vibadilishwe vyote. Harufu ya kabati si neno, siku mbili kwenye hewa yenye kivuli zinatosha.

Usilifue koti hilo kwa maji na sabuni. Makoti mengi ya bei nafuu yamebandikwa kitambaa cha kukazia kifuani kwa gundi. Likiloweshwa na kukamuliwa, gundi inaachia kwa mabaka na kifua kinatoka viputo kama chapati kwenye kikaango. Mpelekee dobi mwenye mashine ya kufulia bila maji. Na pasi isiguse polista moja kwa moja. Tandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu yake, ukandamize na kuinua badala ya kusugua.

Polista yenyewe, kwa joto la Pwani, ni adhabu. Soma lebo ya ndani. Sufu nyepesi, au mchanganyiko wenye sufu nyingi, hupitisha hewa na kuficha mikunjo. Polista tupu hushikilia jasho na humeremeta kwenye picha. Ajabu ni kwamba sufu nzuri huipata mtumbani kwa bei ya chini kuliko suti mpya ya polista iliyoning'inizwa mlangoni pa duka.

Aliyenunua mpya asisahau mkasi mdogo. Mpasuo wa nyuma ya koti huja umefungwa kwa uzi mnene wa alama ya X, na mkononi kuna lebo ya kitambaa. Vyote viwili ni vya dukani na vinatakiwa vitolewe. Kila msimu wa mahafali utawaona vijana wanacheza na X mgongoni na kila wakiinama nyuma inavuta. Kata uzi wa X kwa upande wa ndani, taratibu, usije ukachana kitambaa. Mifuko nayo huja imeshonwa kwa uzi mwepesi. Ya nje iache hivyo hivyo, inalinda umbo.

Anayetaka kushonewa ajue vipimo vya kitambaa: koti na suruali kwa kijana wa umbo la kawaida ni mita 3 hadi 3.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kizibao kikiongezwa, tia sentimita 70 nyingine. Mpe fundi wiki nne, kwa sababu mahafali ya kidato cha nne mengi hurundikana Septemba na Oktoba kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na foleni yake unaijua. Dai kujaribishwa mara mbili: mara ya kwanza koti likiwa limeshikizwa kwa uzi mrefu tu, mara ya pili siku tano kabla ya sherehe. Fundi anayekwambia "wewe njoo uchukue tu" hajakushonea wewe.

Wala si lazima iwe suti. Kaunda suti, iliyochukua jina la rais wa kwanza wa Zambia, haihitaji shati wala tai, na kwa kijana mrefu mwembamba inapendeza kuliko koti la bega la kuazima. Tatizo ni tafsiri ya neno "rasmi": Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku bungeni, wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa mara kwa mara. Kama wakubwa hawaelewani, ni vizuri kumuuliza mwalimu wa nidhamu mapema. Shati la kitenge chini ya koti la rangi moja nalo linakubalika sehemu nyingi. Nunua yadi 2 na nusu, kiloweke kabla ya kukatwa kwa sababu pamba hurudi, na mwambie fundi maua yakutane pale vifungo vinapofungia.

Unguja, Mombasa na Lamu, kanzu nyeupe, koti juu yake na kofia ya vito ni vazi rasmi tangu enzi za mababu, na hakuna kadi inayoweza kulipinga. Kanzu iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ikigusa sakafu ataikanyaga kwenye dansi. Ndani avae msuli au suruali nyepesi nyeupe, kwani taa za ukumbini zinapenya kitambaa chepesi. Makubadhi yapigwe rangi upya.

Yaliyobaki nayapita haraka. Shati liwe jeupe, na kola ikifungwa vidole viwili viingie shingoni bila kulazimisha. Singlendi ya ndani isiwe nyeupe; chini ya shati jeupe huchora mistari mabegani. Ya rangi inayokaribia ngozi yake haionekani kabisa. Viatu vya shule vyeusi vya kamba vinatosha: futa vumbi, paka rangi nyembamba, subiri dakika kumi, piga brashi, malizia na kitambaa chenye tone la maji. Soksi ziwe nyeusi na ndefu, akikaa ngozi ya mguu isionekane. Viatu vipya avivae nyumbani jioni tatu nne kwanza. Kunyoa iwe siku mbili kabla, maana vipele vya shingo na kola iliyokazwa haviivi chungu kimoja.

Tai ndiyo inayowatoa jasho. Upande mpana uning'inie kuupita mwembamba kwa sentimita 30 hivi. Upitishe juu ya mwembamba, uzungushe chini yake, uurudishe juu tena, uuingize kwa chini kwenye kitanzi cha shingo, kisha uushushe ndani ya ule mkunjo wa mbele na kukaza. Ncha iguse bizimu ya mkanda. Ikiishia kitovuni, fungua uanze upya na upande mpana ukiwa mrefu zaidi; usiivute hivyo hivyo, fundo litaharibika. Upana wa tai ulingane na upana wa kola ya koti pale kifuani. Kwenye koti la vifungo viwili hufungwa cha juu peke yake, na akikaa anakifungua.

Suruali za modo zina msiba wake. Vijana wanazipenda zigande mapajani, kisha muziki unapigwa, mtu anachuchumaa, na mshono wa nyuma unaachia kwa sauti. Kabla ya kulipa, achuchumae mpaka chini mara tatu. Zaidi ya hapo, mwombe fundi apitishe mshono wa pili juu ya ule wa katikati, kuanzia chini ya zipu mpaka nyuma kiunoni. Ni kazi ya dakika kumi.

Mwisho, dada, usipime leo kwa sherehe ya miezi mitatu ijayo. Baadhi ya wavulana wa umri huo bado wanarefuka, na suruali iliyogusa kiatu Julai inaweza kuonyesha soksi Oktoba. Pindo lishonwe wiki ya mwisho, akiwa amevaa viatu vile vile vya sherehe, na fundi aache sentimita 5 za kitambaa kwa ndani badala ya kuzikata. Mwambie hivyo kabla hajashika mkasi, kwa sababu wengi wana mazoea ya kuzikata, na kitambaa kikishakatwa suruali haishushwi tena.